Neno la Baba wa Msichana

Litein,
12 Oktoba 1997

Dada yangu Chelimo,

Chamgei. Nyumba hii yote inakusalimu. Mke wangu Jerusa anasema shuka ulizoleta hospitalini bado ni nyeupe, binti yetu Chepchirchir anamsalimu senge, shangazi yake, na yule ng'ombe aliyezaa nikiwa kitandani anakusalimu kwa kupiga ndoo teke kila asubuhi. Mvua ya huku haijui jioni wala asubuhi. Redio imeipa jina la kigeni, sisi tunaiita matope tu. Chai inamea kama ina wazimu, lakini lori la majani linakwama kabla ya kufika kituoni. Siku hizi kuwaitia watu lori nimewaachia wengine.

Mimi niko. Yule uliyemwacha katika chumba cha wagonjwa mahututi, amezungukwa na mabomba, sasa anakula ugali na kugombana na mke wake. Miguu bado inajifanya ni ya mtu mwingine. Juzi kiatu kimoja kilibaki matopeni na mimi nikafika nyumbani bila kujua. Nywele zilianza kutoka mafungu mafungu, Jerusa akaona aninyoe zote, na sasa nafanana na babu yetu, ila sina ng'ombe zake. Hayo ni ya kucheka, usiyafanye makubwa.

Lililonishikisha kalamu ni hili. Chepchirchir amepata mtu. Anaitwa Kipruto, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa mzee Kiptum wa Chebunyo, watu wa mifugo na wenye heshima. Wazee wao wanakuja mwezi ujao kuanza mazungumzo ya koito, ya posa na mahari. Unajua vile koito ilivyo, dada. Kabla hawajataja ng'ombe wanauliza ukoo: nani aliugua nini, nani alikufa vipi, kuna wazimu, kuna kifafa. Na mimi nilibebwa kutoka hapa juu ya pikapu, mgongo umejikunja kama upinde na meno yamefungana. Nani atamweleza mtu wa Chebunyo kwamba ile ilikuwa pepopunda, kwamba ni kidonda kidogo tu cha panga la kupogolea chai? Atasikia neno moja, kwamba baba wa msichana alianguka akarushwarushwa, na hapo atageuza ng'ombe zake. Mtoto wangu atabaki na jina hilo mpaka azeeke.

Kwa hivyo mtu yeyote akikuuliza, ndugu yako alikuwa na nimonia. Hapa nyumbani nimewaambia wote wakae kwa neno hilo hilo, na majirani walionibeba wamekubali.

Msalimu shemeji na mama mkwe wako.

Ndugu yako,
Kipngetich


Londiani,
3 Novemba 1997

Kipngetich, mtoto wa mama,

Nimepokea barua yako ikiwa imelowa, nikaianika juu ya jiko ndipo nikasoma. Hapa tunapumua. Viazi vinaoza ardhini kabla hatujavichimba, na shemeji yako anazunguka shambani na viatu vya gambuti akilaumu kila mtu isipokuwa mvua. Mama mkwe hashuki tena kitandani. Namgeuza asubuhi, namgeuza jioni, namlisha uji, na nikitoka hata kidogo analia kama mtoto. Ndiyo maana hujaniona tangu hospitalini, si kwamba nimekusahau.

Habari ya Chepchirchir imenifurahisha mpaka jirani akauliza kama tumepata urithi. Mwambie senge yake ameanza kutafuta kitambaa.

Ila hiyo nimonia yako siipendi. Nitanyamaza kwa sababu umeniomba, lakini siipendi.

Tena nakuona unaandika kama mtu aliyepanda gari mbovu. Herufi zinapanda na kushuka. Vidole vinakusumbua? Hukusema. Jirani yangu Wacuka, mke wa Wambugu, alikuwa sista wa wadi miaka mingi kabla hajastaafu. Nilimweleza ulivyolala na mashine ikikupumulia, naye akaniuliza maswali ambayo sikuweza kujibu. Lile tundu walilokutoboa shingoni limefunga? Ukinywa maji unakohoa? Ukipanda kilima pumzi inatosha? Kelele zinakushtua? Anasema mtu akitoka katika chumba kile, watu humwona anatembea wakafikiri amepona, kumbe mwili bado unajikusanya polepole, na unaweza kuchukua mwaka au zaidi.

Umeniambia habari ya kiatu na nywele na ng'ombe. Habari ya shingo hukuniambia. Nijibu hilo tu, mengine nitavumilia.

Dada yako,
Chelimo


Litein,
24 Novemba 1997

Dada,

Salamu zako zimefika na tumezigawana. Huku kuna mvua ya mawe. Ilipiga chai ya jirani zetu ng'ambo ya mto ikaacha vijiti vitupu, kwetu ikapita pembeni, Mungu ni mwema. Jerusa ana mafua. Ng'ombe sasa amefungwa miguu wakati wa kukamuliwa na ndoo imepata amani.

Wageni wa Chebunyo walikuja. Ungewaona. Wazee wanne na mama wawili, wamevaa makoti mazito na viatu wamevua mlangoni bila kuambiwa. Mzee Kiptum ni mtu mrefu, na ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde lingine. Akisema karibu vikombe vinasogea mezani. Baba mdogo aliongoza mazungumzo upande wetu kama inavyotakiwa. Waliomba msichana kwa maneno mazuri, ati wameona moshi wa nyumba hii wakaupenda. Halafu wote wakanigeukia mimi. Nikakaa kimya.

Nilikaa kimya kabisa, dada. Nikaangalia moto. Kiptum akatabasamu, akamwambia mwenzake kwamba huyu ni mzee wa kweli, hatoi mtoto wake siku ya kwanza. Mwenzake akajibu kwamba kimya kingi kina mshindo. Wakanywa mursik yetu, maziwa ya kibuyu, wakaisifu, wakaenda wakiwa na furaha kuliko walivyokuja. Hata Jerusa alishangaa. Watarudi kabla ya Krismasi.

Kwa hivyo unaona mambo yanakwenda sawasawa. Mkono unaandika vibaya kwa sababu ya kalamu, nimeinunua ya bei rahisi.

Ndugu yako,
Kipngetich


Londiani,
19 Desemba 1997

Kipngetich,

Daraja la huku lilichukuliwa na maji, barua yako imekaa posta sijui wapi. Mama mkwe yuko vile vile. Tumeuza viazi vilivyobaki kwa bei ya kutupa. Watoto wamefunga shule na wanakula kama nzige.

Sasa nisikilize. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Tangu ukiwa mtoto hukuwahi kukaa kimya hata kanisani, ulikuwa ukimjibu mhubiri. Baba alikuwa akikutuma juu ya kilima uite watu wa kijiji kizima, na walikuja. Wewe ndiye wa kuitia watu lori la majani, wewe ndiye wa kusoma matangazo Jumapili. Leo watu wametoka Chebunyo kumwomba binti yako, nafasi ya maneno ambayo ungeingoja maisha yako yote, na unaniambia umeangalia moto?

Nimesoma barua zako mbili nikiziweka pamoja. Lori umewaachia wengine. Swali la shingo umelipita. Kwenye karatasi unaongea kama zamani, ndiyo maana nilidanganyika.

Kipngetich, sauti yako iko wapi?

Chelimo


Litein,
14 Januari 1998

Dada yangu,

Heri ya mwaka mpya. Uchaguzi umepita, tumekaa salama. Jerusa amepona mafua.

Sauti haipo.

Walipotoa lile bomba la shingoni, tundu lilifunga vizuri, lakini kilichobaki ndani ni upepo tu. Nikisema, mtu lazima aweke sikio mdomoni mwangu, tena hewa inaisha kabla ya neno kwisha. Jerusa amejifunza kunisoma midomo. Nafunga skafu shingoni ili kovu lisionekane. Kanisani nakaa nyuma, na matangazo anasoma Makori, yule mwalimu kutoka Kisii, na hata majina ya watu wa hapa hawezi kuyatamka.

Kwa kuwa nimeanza, wacha nimalize. Vidole vya mikono vimekufa ganzi kwenye ncha. Nachuma chai na sijui kama nimeshika majani mawili laini na chipukizi lake au nimeshika jani gumu la chini, na karani wa kupima chai amenirudishia majani mbele ya watu. Vifungo vya shati ananifungia Jerusa. Mguu mmoja unaburuta. Nikipanda kutoka mtoni nasimama njiani kama mzee, nikijifanya naangalia shamba la mtu. Mvua ya mawe ikianguka juu ya bati mwili wangu wote unakazana, kwa sababu kule kelele kidogo tu ilikuwa inaniletea mikazo, na mwili haujui kwamba imekwisha. Siku ile ya mvua ya mawe niliyokuandikia, niliingia chini ya meza, Chepchirchir akaniona.  Alikuja akakaa chini na mimi mpaka ikapita. Niliona aibu, dada, naona aibu hata kuandika.

Sasa mambo yameharibika. Watu wa Chebunyo walirudi kabla ya Krismasi, nikanyamaza tena. Safari hii hawakutabasamu. Walirudi tena juzi. Baba mdogo alisema yote ya kusema, lakini unajua neno la mwisho ni la baba wa msichana kwa kinywa chake, hakuna wa kumsemea.  Kiptum akasimama, akasema wao si watu wa kuchezewa. Kama kuna jambo tunalo juu ya nyumba yake tuliseme, na kama hakuna, basi atakuja mara moja tu ya mwisho, mwezi wa pili ukiisha. Akikosa jibu, kijana wake atatafuta kwingine.

Chepchirchir hali chakula vizuri. Ananiambia, "Baba, waambie tu." Ni rahisi kwake kusema. Nikifungua mdomo wataniuliza sauti ilikwenda wapi, na sauti itawapeleka hospitalini, na hospitali itawapeleka kwenye ile pikapu. Nikinyamaza nampoteza mkwe, nikisema nampoteza mkwe na jina pia. Sitasema.

Usije. Najua utataka kuja. Sitaki unione hivi.

Kipngetich


Londiani,
2 Februari 1998

Ndugu yangu,

Mama mkwe amenisikia nikilia nikisoma barua yako, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni ndugu yangu yuko hai na hakuniambia.

Pole. Pole kwa sauti, na vidole, na karani, na mvua ya mawe. Pole kwa kubeba yote hayo huku ukiniandikia habari za ng'ombe. Nimekasirika pia, lakini hiyo itangoja.

Nilikwenda kwa Wacuka na barua yako. Anasema haya yote anayajua. Misuli iliyolala muda mrefu kitandani huisha, na mishipa ya hisia huchelewa kurudi. Shika kitambaa kilicholowa maji ukikamue asubuhi na jioni, na mguu uuzoeze kupanda ngazi ya mlango, ukichoka upumzike bila kuona haya. Sauti ikaangaliwe na daktari wa koo. Pengine bomba liliumiza kamba za sauti, na ukizilazimisha utazidi kuziumiza. Kushtuka kwa kelele si wazimu. Na hili amelirudia mara mbili: pepopunda huingia kwa kidonda, haikai kwenye damu ya ukoo, mtoto hairithi kwa baba.

Wewe ulilala hujui kitu, mimi nilisimama dirishani. Nilikuona ukikazana mpaka visigino na kichwa tu ndivyo vimegusa kitanda. Masista walikuwa wakitembea bila viatu ili wasikushtue. Sikuwahi kukuambia kwa sababu sikutaka ulione hilo. Lakini sikuona kitu cha aibu pale. Niliona mtu anayekataa kufa.

Ningekuja nikakusemea, na wangenipokea ama wangenifukuza, lakini huyu mama hana mwingine. Wahenga walisema mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Wewe kifo kilishindwa, sasa unataka kuumbuliwa na harusi? Huyo Kiptum ni baba wa mtoto kama wewe. Ukimnyima neno, na yeye atajitungia lake, na hujui atatunga lipi.

Sikulazimishi. Mtoto ni wako. Lakini na yeye ni wangu kidogo, na alikaa na wewe chini ya meza.

Chelimo


Litein,
8 Machi 1998

Dada yangu Chelimo,

Jua limetoka. Nimeona nianze na hilo kwa sababu hukulitegemea. Barabara inakauka, lori la majani linafika, na Jerusa ameanika kila godoro la nyumba hii uani kama tunahama. Nakamua kitambaa asubuhi na jioni. Kidole cha shahada kimeanza kuchoma kama kimeumwa na siafu, na nimefurahi, kwa sababu kilikuwa hakisemi kitu.

Wageni walikuja kama walivyosema. Nilikuwa sijaamua. Nakwambia ukweli, barua yako ilikuwa mfukoni na bado nilikuwa sijaamua. Nilikaa kwenye kiti changu na skafu yangu. Baba mdogo alizungumza, akatoa jasho. Wakanigeukia. Nikaangalia moto.

Kiptum hakukasirika kama tulivyotarajia. Alivua kofia. Alisema kwa sauti ya chini, na mtu yule hana sauti ya chini, wote tulishtuka. Akasema, "Nimejua kwa nini unanyamaza. Mmesikia habari za mtoto wetu." Tukatazamana. Akaendelea kwamba ana msichana mdogo, dada yake Kipruto, anayeanguka kifafa tangu utotoni. Kila wageni wakija humfungia chumba cha nyuma. Alisema tangu siku ya pili alijua tumeuliza tukaambiwa, na kwamba mimi kwa heshima nimekosa namna ya kumkataa. Hakuja kubishana. Alikuja kuomba tusimwadhibu kijana kwa ugonjwa wa dada yake, na kama hatuwezi, basi tuseme, aende nyumbani.

Dada, nilikuwa nimekaa pale miezi mitatu nikimwogopa mtu ambaye alikuwa ananiogopa mimi.

Ningeweza kunyamaza hata wakati ule. Ningeonekana mkubwa, mzee aliyesamehe. Nilimwona Chepchirchir mlangoni na kibuyu cha maziwa, hajui akilete au akirudishe. Nikasimama. Baba wa msichana hasimami kwenye koito, baba mdogo akanivuta koti, nikaendelea. Nilivuka chumba na mguu wangu unaoburuta, wote wakiutazama, nikapiga magoti kando ya Kiptum kwa sababu sikuweza kuinama, nikafungua skafu. Nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya kovu. Halafu nikamwambia sikioni yote. Panga, kidonda, pikapu, mashine, upepo uliobaki. Nilimwambia sikukataa hata siku moja. Nilimwambia nilikuwa naficha kuanguka kwangu asijue, na hakuna mtu aliyetuambia chochote juu ya mtoto wake.

Ilichukua muda, nikikata pumzi kila maneno matatu. Hakusogeza sikio. Nilipomaliza watu wote walikuwa wamejikunja mbele wakijaribu kusikia. Baba mdogo akasema neno la baba lazima lisikike na pande zote, ndiyo sheria. Basi Kiptum akauliza kama naruhusu anisemee. Ndipo tukafanya jambo ambalo halijafanywa hapa: baba wa mvulana akawa kinywa cha baba wa msichana. Nanong'ona, yeye anatangaza, nyumba nzima mpaka uani. "Anasema alikuwa na pepopunda, si nimonia. Anasema Kiptum ana haraka kama mtu anayefukuzwa na nyuki." Watu wakacheka, na yeye akacheka, lakini akalitangaza hadi mwisho. "Anasema msichana ameulizwa na amekubali. Anasema ndiyo. Baba anasema ndiyo."  Mama wa Chebunyo wakapiga vigelegele.

Nikamvuta tena, kwa sababu kulikuwa na neno moja limebaki. Nikamnong'oneza kwamba siku ya harusi amlete yule mtoto wake mdogo. Asimfungie. Akae mbele na sisi, na akianguka, mimi nitakaa chini na yeye mpaka ipite.

Kiptum alifungua mdomo alitangaze hilo pia. Hakuweza. Alijaribu tena, mdomo ukaenda na sauti haikutoka. Watu wakauliza, amesema nini, amesema nini? Yule mzee alibaki ameshika mkono wangu, machozi yanashuka, na katika nyumba nzima hapakuwa na wa kuwajibu. Jerusa akaleta siagi tupakwe vichwani, alama kwamba koito imekubaliwa.

Harusi ni mwezi wa nane. Daktari wa koo ameniona. Anasema sauti huenda ikarudi nusu, huenda isirudi. Mtafutie mama mkwe mtu wa kukaa naye, uje. Nilikukataza, sasa nakuita. Utakaa karibu sana na mimi, vinginevyo hutasikia.

Ndugu yako,
Kipngetich